Sikio Anachagua Racheti

Gerejini walimwita Sikio, na jina hilo hakulipata kwa kubahatisha. Gari likiingia getini, dereva hajafungua hata mdomo, yeye ameshajua beringi ya gurudumu gani imekwisha. Mwenyewe alisema hapendi kusifiwa. Msimwamini. Alipenda sana, ila alitaka asifiwe akiwa amegeukia upande wa pili, ili watu wasimwone anavyotabasamu.

Gereji ilikuwa ya mdogo wake, mwanamume mrefu mwenye sauti kubwa na moyo laini. Ni dada mtu huyu huyu aliyemfundisha kutofautisha spana na koleo, ingawa siku hizi ukimsikiliza anavyoongea utadhani alizaliwa na spana mkononi. Chini ya paa lile la mabati, juu ya sakafu ya saruji iliyokunywa oili mpaka ikawa nyeusi, walikuwa wamefanya kazi bega kwa bega miaka na miaka. Walipogombana, waligombania injini. Walipopatana, ni kwa sababu injini hiyo hiyo ilikuwa imewaka.

Kisha siku moja giaboksi ikateleza kwenye jeki. Sikio alikuwa amenyoosha mkono wa kulia kuielekeza mahali pake, na uzito wote ukamwangukia kwenye kifundo cha mkono huo. Hospitali walimtia vyuma, wakamfunga plasta, na plasta ilipotolewa vidole vilikunjika na kukunjuka vizuri tu. Kifundo ndicho kilichogoma. Kilisogea kidogo huku, kidogo kule, kisha kikasimama kama mlango uliozuiwa na kiti kwa ndani. Mtu wa mazoezi ya viungo hakumzungusha.

"Mama, hapo kilipofika ndipo kitakapoishia," alimwambia. "Shukuru vidole vimepona."

Sikio alishukuru. Halafu akatoka nje, akasimama nyuma ya gari la wagonjwa mahali ambapo hakuna anayepita, akalia mpaka shingo ya blauzi ikalowa. Hakuwa analilia maumivu. Alikuwa anajiuliza, fundi asiyeweza kuzungusha mkono ni fundi wa nini?

Aliporudi kazini alikuta mdogo wake ameshamwandalia meza ya kupokelea wateja, na kiti, na juu ya kiti mto. Mto wenyewe ulikuwa mpya. "Dada, wewe sasa kaa hapa," alisema kwa ile sauti yake ya kusikika mtaa wa pili. "Pokea wateja, pokea simu, tuamrishe. Umefanya kazi ya kutosha." Alisema kwa mapenzi matupu, na hapo ndipo palipouma. Angekuwa amesema kwa dharau, Sikio angempa za uso, yakaisha. Lakini utamgombeza vipi mtu aliyekununulia mto? Akakaa. Akapokea simu. Kila gari lililoingia alilitegea sikio, akawatajia mafundi ugonjwa, kisha akawatazama wao wakienda kulitibu. Huyo alikuwa fundi mzima aliyegeuzwa kengele ya mlangoni.

Siyo kwamba hakujaribu. Wenzake walipokwenda kula, alikuwa akitoa racheti yake ya zamani kwenye sanduku na kujiinamisha ndani ya boneti la gari lolote lililokuwa karibu. Racheti, kwa asiyeijua, ni ule mpini mfupi ambao soketi huchomekwa kwenye kichwa chake. Ukiusukuma mbele, nati inafunguka. Ukiurudisha nyuma, kichwa hakirudi nao. Kinalia kra-kra-kra, nati inabaki pale ilipofika, nawe unasukuma tena. Mambo yote yako kwenye meno ya ndani. Yakiwa makubwa na machache, lazima uurudishe mpini mbali ndipo jino lingine lishike. Yakiwa madogo na mengi, unaurudisha kidogo tu, kra, limeshika.

Ya kwake ilikuwa ya meno makubwa, nzito, imara, na hakuwahi kuilalamikia. Mahali pa wazi hata sasa aliweza kuitumia kwa nguvu ya bega. Lakini injini za siku hizi zimebanana kiasi kwamba panya akitaka kuingia inabidi avute tumbo. Humo kiwiko hakina pa kwenda, bega halina pa kwenda, kazi yote inabaki ya kifundo. Na kifundo chake kilikuwa kinafika mwisho wa safari jino halijashika. Akirudisha, kimya. Akirudisha tena, kimya. Zamani alikuwa akikutana na nafasi finyu kwenye magari. Sasa alitembea nayo mwenyewe, mkononi.

Wazo la meno madogo lilimjia akiwa amekaa kwenye mto wake, simu sikioni, akimsikiliza mteja anayeeleza kitu ambacho yeye alikuwa ameshakielewa tangu salamu. Akamwambia mteja asubiri. Sijui yule mteja alisubiri mpaka lini, maana Sikio alitundika ovaroli, akachukua mkoba, akaenda zake dukani.

Muuza vifaa alikuwa rafiki wa mume wake tangu ujana, mtu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na chuki ya kudumu dhidi ya wateja wanaofungua maboksi.

"Shemeji! Pole na mkono."

"Nimeshapoa. Nataka racheti ya meno madogo."

"Hii hapa, chukua. Tazama inavyong'aa, mtu anaweza kujitazama humo akinyoa ndevu."

"Mimi sina ndevu."

"Basi mume wako."

"Mume wangu ana kioo." Sikio akaizungusha mara moja, akairudisha juu ya meza ya kioo. "Hii ina meno ya farasi. Nimesema madogo."

Muuza vifaa akaleta nyingine, ndefu, mpini umevikwa mpira wa kijani. Ya pili hiyo meno yake yalikuwa mazuri, lakini kichwa kilikuwa kinene kama ngumi. "Na hili pande litaingia wapi?" akauliza Sikio. "Mimi naenda nyuma ya injini, siendi kuvunja mawe." Ikarudishwa. Ikaja nyingine, na nyingine, na maboksi yakazidi kurundikana, na yule bwana akazidi kuhema kwa huzuni, mpaka akainama chini ya meza na kutoa moja nyeusi isiyo na urembo wowote. Kichwa chake kilikuwa chembamba. Mpini ulikuwa umekaa vizuri kiganjani.

Sikio akafumba macho. Akakishika kile kichwa kwa mkono wa kushoto, akakibana barabara, akakisogeza karibu na sikio, na kwa mkono wa kulia akaanza kuusogeza mpini taratibu. Sauti iliyotoka haikuwa kra-kra ya kawaida. Ilikuwa nyembamba, imefuatana, kama kitambaa kinachochanwa na fundi asiye na haraka. Akasogeza mpaka pale kifundo kilipogoma, akarudisha. Ndani ya mwendo ule mdogo, huo huo aliokuwa amepewa kama mwisho wa maisha yake, meno yalishika zaidi ya mara moja. Ilibidi ajifanye anatafuta kitu ndani ya mkoba ili shemeji yake asimwone macho.

"Hii," akasema.

"Lakini usiende kuifungulia nati iliyoota kutu. Meno madogo hayataki ubabe. Anza na spana, ikishalegea ndipo uitumie hiyo."

"Shemeji, unamfundisha nani?"

"Wewe," alijibu yule bwana huku akirudisha maboksi mahali pake. "Wengine hawaniudhi mpaka niongee."

Gerejini mdogo wake aliiona kabla hajaiweka mezani. "Dada, ni nini hiyo?"

"Macho unayo."

"Naona ni racheti. Nauliza ya nini."

"Ya kufungulia nati. Nilikufundisha."

Mdogo wake akacheka, halafu akaacha kucheka, kwa sababu alimjua dada yake. Uani palikuwa na gari dogo la mkunga, mwanamke ambaye watoto hawamsubiri aamke, na ambaye asubuhi ile alikuwa amefika kwa kusukumwa na majirani. Stata, ile mota inayowasha injini, ilikuwa imekufa. Kwenye aina ile ya gari stata imefichwa nyuma kabisa ya injini, imeshikwa na bolti mbili, na ile ya juu imekaa mahali ambapo aliyeibuni, kwa maoni ya kila fundi pale, hakuwa na mikono. Hakuna aliyeipenda kazi hiyo. Sikio akaitaka.

"Dada, jamani. Acha niifanye mimi. Ukijiumiza tena, mumeo ataniua."

"Cherehani anayo, atakushonea sanda nzuri." Kisha akaacha mzaha. "Sikiliza, mdogo wangu. Nipe kazi hii moja. Nikishindwa, nitakaa kwenye kile kiti, nitapokea simu mpaka uzee wangu, na hutanisikia nikinung'unika. Nikiweza, unirudishe kazini."

"Sikukuomba kiapo."

"Najua. Nimekupa mwenyewe."

Mdogo wake akafuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono, akasema haya. Akasimama hatua chache nyuma yake, akijifanya anapanga soketi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Sikio akatoa waya wa betri kwanza, kama inavyotakiwa. Bolti ya chini akailegeza kwa spana, akaichomekea racheti mpya, na ikatoka kwa raha kabisa, mpaka akaanza kuimba puani. Akaingia kwenye ya juu. Kuilegeza kulimtoa jasho, lakini ikalegea. Akaunganisha soketi kwa kipande kirefu cha chuma, akapenyeza mkono wa kulia kati ya mabomba, akasukuma mpini. Bolti ikazunguka kidogo. Akaurudisha mpini, sikio limetega, likisubiri ile sauti ya kitambaa.

Kimya.

Akasukuma tena, akarudisha tena. Kimya. Akaweka kidole cha kushoto mahali pekee kilipofika, kwenye shingo ya kile chuma kirefu, ndipo akaelewa kinachotokea. Bolti ilikuwa inakwenda mbele na mpini, na inarudi nyuma na mpini. Racheti ilikuwa nzito kwa ndani. Ile ya chini mkono wa kushoto uliizuia isirudi, ndiyo maana racheti ililia. Hii ya juu imelegea, haina nguvu ya kubaki, basi inaburuzwa mbele na nyuma kama mtoto anayevutwa sokoni. Fundi mwenye kifundo kizima angeweza kuupindisha mkono, akaibana bolti kwa kidole wakati anarudisha mpini. Yeye hakuweza, na kile kidole kimoja cha kushoto kiligusa tu, hakikubana. Alijaribu, na kujaribu, mpaka jasho likaingia machoni.

Mkono wa mdogo wake ukatua begani taratibu. "Dada. Inatosha. Niachie."

Hakuna kitu kilichowahi kumchoma Sikio kama upole ule. "Usiiguse," akasema. "Sijamaliza. Nakuja." Akaichomoa racheti, akavuka barabara.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na chumba cha mume wake, fundi cherehani, mtu mfupi mkimya ambaye suruali za watu zilikuwa zimemzunguka kama umati. Majirani walikuwa na mchezo wa kuwacheka: nyumba ina mafundi wawili na kitasa cha mlango hakifungi. Mume aliinua macho, akaona uso wa mkewe, akaondoa mguu kwenye pedali.

"Nimeshindwa," Sikio akasema, machozi yakimtoka. "Nimenunua racheti mbovu kwa masikio yangu mwenyewe. Naogopa. Naogopa nitakaa kwenye ule mto mpaka nife."

Mumewe hakumwambia asilie. Alimsogezea kigoda, akaichukua ile racheti, akaigeuzageuza. Halafu akafanya kitu ambacho Sikio hakuwa amekifanya. Akakishika kile kichwa kwa ncha za vidole viwili, kwa wepesi ule anaoshika nao sindano, akausogeza mpini. Kichwa kikazunguka pamoja na mpini. Hakikulia hata kidogo.

"Mbona dukani ililia?" Sikio akauliza.

"Uliishikaje?"

Sikio akaikumbuka meza ya dukani. Aliishikaje? Aliibana kwa kiganja kizima, kama fundi gari yeyote anavyobana kila kitu tangu afundishwe kazi. Ukikibana kichwa namna ile, hakina budi kutulia, na meno hayana budi kulia. Alisikiliza sauti akasahau kuuliza inahitaji nguvu gani kuitoa. Sikio, fundi anayesikia beringi kutoka getini, alikuwa amedanganywa na sikio lake. Mafundi gari wote hununua racheti hivyo hivyo, kwa kubana na kusikiliza, na kosa hilo halimwumizi mwenye kifundo kizima.

Akaanza kucheka. Alicheka na machozi yakiwa bado yapo, mume akacheka kwa kumwona anacheka, na mteja aliyekuja kuchukua gauni akaamua kupita baadaye.

"Lete bisibisi ndogo," akasema Sikio.

Walitandika kitambaa cheupe juu ya meza ya kukatia, ili kitakachoruka kionekane. Sikio akafungua skrubu mbili za kifuniko. Zilikuwa zimekazwa kwa hasira, sijui na nani, na kwa nini. Ndani palikuwa na gurudumu dogo la meno, kijino cha kulishika, na springi nyembamba kama unywele, na vyote vilikuwa vimezama kwenye grisi nzito ya rangi ya asali, iliyotiwa kiwandani kwa mkono wa mtu mkarimu mno. Grisi ndiyo iliyokuwa inashikilia kila kitu. Sikio akaifuta kwa vipande vya kitambaa, na kwa fundi cherehani vipande vya kitambaa haviishi. Springi ikaruka mara moja, ikadondoka kwenye mfuko wa suruali ya mteja iliyokuwa mezani, wakaitafuta kwa dakika ndefu huku kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa upendo. Hatimaye mume akaleta kichupa cha mafuta ya cherehani, mepesi kama maji, akadondosha tone, na tone jingine.

Sikio akarudisha kifuniko, akakaza skrubu kwa adabu. Akashika kichwa kwa ncha za vidole viwili. Akasogeza mpini. Ile sauti ya kitambaa ikatoka, nyembamba, safi, na vidole havikuhisi kitu.

"Nenda," mumewe akamwambia, akarudisha mguu kwenye pedali. Lakini hakushona. Alisimama mlangoni mwake akamtazama anavyovuka barabara.

Mdogo wake alikuwa bado amesimama pale pale, na kwa heshima yake lazima niliseme hili: hakuwa ameigusa bolti. Sikio akapenyeza mkono kati ya mabomba. Akasukuma. Akarudisha. Ikalia. Akasukuma kidogo, akarudisha kidogo, ikalia tena. Ilikuwa kazi ya polepole, ya kuokota punje moja moja, na mara mbili ilibidi apumzike na kujinyoosha mgongo. Kila racheti ilipolia, bolti ilikuwa imetoka kiasi kile na haikurudi tena. Kisha ikaingia kiganjani mwake, ina joto, ina grisi, na Sikio akaibana mpaka ikamwachia alama.

Akaitoa stata ya zamani, akapachika mpya, akafunga bolti zote mbili kwa racheti ile ile, akarudisha waya wa betri. Mdogo wake akaingia kwenye gari, akageuza ufunguo. Injini ikawaka kwa jaribio la kwanza.

"Beringi ya mbele kushoto imeanza kuchoka," Sikio akasema. "Mwambie mkunga aje mwezi ujao."

Mdogo wake akazima injini. Alikaa mle ndani kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akatoka macho yakiwa mekundu, akasingizia moshi, ingawa hapakuwa na moshi. Akaenda ofisini. Aliporudi alikuwa na funguo mbili.

"Dada, pale kuna pikapu, ni breki na magurudumu tu. Na kuna lile dogo jeupe. Alteneta yake imejibanza huko nyuma, nimelitazama tangu jana nimechoka. Unachukua lipi?"

Sikio akautazama mkono wake. Nati za magurudumu zinataka mkono unaoweza kupigana, na wake haukuwa huo tena. Kulisema jambo hilo kulimuuma, lakini halikumtisha kama zamani.

"Pikapu kaza mwenyewe," akasema. "Nati kubwa siziwezi tena na sitajidai naziweza. Nipe hilo lililokuchosha."

Mdogo wake akamwekea ufunguo kwenye kiganja cha mkono wa kulia, akaenda zake kutafuta jeki.